Mabakuli Mawili ya Iwao

Kila asubuhi mama yake Fusae alimpakulia Iwao wali mara mbili, mara moja kama maiti na mara moja kama mtu aliye hai.

Bakuli la maiti lilikuwa dogo, la shaba. Lilijazwa wali mpaka ukachomoza juu kama kichuguu, likapelekwa sebuleni kwenye kabati la marehemu wa nyumba, chini ya picha za wanaume wa ukoo wa Orita. Wa kwanza alikuwa baba wa babu, mpiga upinde wa bwana wa ngome, aliyechorwa kwa wino kwa sababu siku zake kamera hazikuwepo. Aliyefuata alikuwa babu, baharia aliyezama katika vita na Warusi. Kisha ami, aliyeuawa Uchina. Na mwisho, mwenye utepe mweusi pembeni na kofia ya baharia iliyomzidi kichwa, alikuwa Iwao, kaka yake Fusae.

Bakuli la aliye hai lilikuwa la mbao, jekundu, lenye kifuniko, na lilikaa jikoni kwenye rafu iliyo juu ya jiko. Hivyo ndivyo wanawake wa mji wa Kamiura walivyowapakulia wana wao walio safarini: wali wa moto, kifuniko juu, halafu unangoja kidogo na kufunua. Kifuniko kikiwa na matone ya maji kwa ndani, aliye mbali yu mzima.

Na Iwao hata mbali hakuwa. Alikuwa mwisho wa mtaa, nyuma ya hamamu, akipasua kuni.

Baba hakuwa na desturi ya kuingia jikoni, kwa hiyo hakuwahi kuliona bakuli jekundu. Au aliliona akanyamaza. Fusae hakujua, na kwa miaka yote saba hakuthubutu kuuliza. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne ambaye hata kupigiwa hodi kulimtoa jasho.

Mambo yalianza kiangazi cha mwaka 1944. Lilikuja sanduku la mbao nyeupe lililofungwa kitambaa cheupe, pamoja na habari kwamba manowari Tomonami imezama na watu wake wote, kishujaa. Ndani ya sanduku hamkuwa na mfupa wala unywele. Mlikuwa na kijiwe. Mji mzima ulikuja kukizika kijiwe hicho, na baba, Luteni Orita Genzo, ambaye alikuwa amerudishwa kutoka Uchina na mguu mbovu, alisimama mbele ya watu akasema, “Mimi wangu nimeshamtoa. Nani bado anamficha wake?” Watu walilia. Wiki hiyohiyo vijana watano wa Kamiura walijiandikisha jeshini kabla umri wao haujafika. Hakurudi hata mmoja.

Aliyerudi ni Iwao.

Alirudi vita vilipokwisha, amekonda kama fito, na shingo upande mmoja ina kovu la mvuke. Baba alimkuta getini. Fusae alikuwa amesimama nyuma ya mlango, na maneno aliyoyasikia siku ile hayakumtoka tena. “Mwanangu nimemzika,” baba alisema. “Mji wote ulikuja. Wewe nenda kwa watakaokupokea.”

Waliompokea ni akina Kuwata wa hamamu, ambao walikuwa na binti mmoja, Masue, na hawakuwa na mtoto wa kiume. Nyumba kama hiyo humchukua mkwe akaishi kwao na kubeba jina lao, na hakuna anayeshangaa. Basi Orita Iwao akabaki marehemu, na Kuwata Iwao akawa mchochea moto. Mji mzima ulijua. Mji mzima ulinyamaza, isipokuwa jioni, wanaume walipokuwa wamejichovya kwenye maji ya hamamu na ndimi zimelegea.

“We Marehemu!” Mzee Sakuichi, muuza tofu ya soya, angeita akigonga ukuta. “Maji yamepoa! Huko ahera kuni zimekwisha?”

“Vumilia, mzee,” sauti ya Iwao ingejibu kutoka nyuma. “Nakuchemshia ya jehanamu uanze kuyazoea.”

Wanaume wangecheka mpaka maji yakamwagika sakafuni. Upande wa pili wa ukuta, upande wa wanawake, Fusae angezamisha uso kwenye maji ili mtu asimwone. Alijua kwamba Riichi, mtoto pekee wa Mzee Sakuichi, alikuwa mmoja wa wale watano. Alijua mzaha ule ulikuwa na meno. Lakini aliona kwamba yanamng'ata asiyestahili.

Masika ya mwaka 1953, jiwe la mashujaa, lenye majina ya watu wa mji waliokufa vitani, lilifukuliwa. Wamarekani walipoingia, wanaume wa mji walikuwa wamelifukia nyuma ya hekalu lisije likavunjwa. Sasa Wamarekani walikuwa wameondoka, na jiwe lilitolewa, likasuguliwa kwa brashi na kusimamishwa mahali pake pa zamani, mbele ya hekalu. Jina la Iwao lilikuwamo, limechongwa kwa kina, na udongo haukulila hata kidogo. Siku ya kulizindua baba ndiye angesoma majina. Kila jina likitajwa, mtu wa nyumba ya marehemu angeitikia, angesogea mbele na kuweka tawi bichi.

“La Iwao utaweka wewe,” baba alimwambia Fusae. “Mama yako magoti yanamsumbua.”

Magoti ya mama hayakuwa na shida yoyote. Fusae alitazama chini akasema, “Ndiyo, baba,” na usiku na mchana tangu hapo akajiona kama mtu aliyetumwa kumfukia kaka yake kwa mkono wake mwenyewe.

Siku moja kabla ya sherehe, mchana, mlango wa mbele ulisukumwa kidogo.

“Hodi hapa kwa Bwana Luteni?”

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye suruali ya shambani na mzigo wa kitambaa mgongoni. Lafudhi yake ilikuwa ya kaskazini kabisa, kwenye theluji. Fusae alimkaribisha sebuleni, akaenda kumwita baba, akarudi na chai. Mwanamke alikuwa ameketi pembeni kabisa mwa mkeka, kana kwamba angeuchafua, na mbele yake alikuwa amesukuma figili za kwao zilizokaushwa kwa moshi, zimefungwa kwenye majani.

“Naitwa Hatano,” alisema akiinamisha kichwa mpaka chini. “Mwanangu Shinpei alikuwa kwenye Tomonami. Kuna muuza dawa anapita kwetu na sanduku lake kila mwaka, anazunguka nchi nzima huyo. Akaniambia, mama, Kamiura kuna jiwe, lina mtu wa manowari hiyohiyo. Nikasema, basi kuna mama mwenzangu huko. Nimepanda treni.”

“Pole na safari,” baba alisema. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

“Nina swali moja tu, Bwana Luteni, halafu nakuondokea. Kuna mtu yeyote aliyerudi?”

Chai ilimwagika nje ya kikombe. Fusae aliifuta haraka kwa ukingo wa aproni.

Jina la Shinpei alilijua. Kaka yake alilitaja mara moja tu, mwaka aliorudi, akiwa ameketi mbele ya moto wa boila ya hamamu. Shinpei wa kaskazini, waliyelala chumba kimoja. Shinpei anayekula kama nguruwe. Halafu akasukuma gogo motoni, na hakulitaja tena.

“Hakuna,” baba alisema.

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja, mama. Walizama wote pamoja, kishujaa. Wangu ni yule pale.”

Alinyoosha kidole kwenye picha. Mama Hatano aligeuka, akasogea kwa magoti mpaka kwenye kabati, akawasha ubani, akaviunganisha viganja. “Pole, mwanangu,” aliiambia ile picha, kwa upole, kama anayemwamsha mtoto. “Pole sana. Mwenzako naye nimemkosa.”

Fusae alihisi kitu kikimpanda. Alidhani ni kilio, kwa sababu kilio alikizoea. Hakikuwa kilio. Ilikuwa hasira, ngeni kwake, ya moto kama birika aliloshika.

Mama Hatano alirudi mahali pake. Alifungua mzigo wake, na kutoka katikati ya nguo akatoa bakuli jeusi la wali, la mtoto wa kiume anayekula sana, ukingo umemegeka kidogo.

“Hili ni lake,” alisema. “Kwetu mtu akifa anapakuliwa wali siku hiyohiyo, kwenye bakuli lake mwenyewe. Unaujaza, unasimamisha vijiti wima, unamwekea karibu na kichwa. Ndicho chakula cha safari. Nadhani na nyinyi huku mnafanya.”

“Tunafanya,” baba alisema.

“Shinpei sikumpa. Walileta sanduku, nikafungua, mna kijiwe. Kina pembe pembe, Bwana Luteni. Hata baharini hakikuwahi kufika, mtu kakiokota barabarani. Nikasema, kijiwe hakili. Sasa ndugu zangu wananiambia, we Hatano, mpe mtoto chakula chake apumzike. Nitampaje? Hakuna aliyewahi kuniambia, nilimwona. Nikimpa, naye yu hai mahali fulani, nimemuua mimi mama yake. Nisipompa, naye alikufa siku ile, basi ana njaa mpaka leo.”

Jikoni kitu kilianguka na kubingirika sakafuni. Fusae aliujua mlio wake. Kilikuwa kifuniko cha bakuli jekundu.

“Mpe,” baba alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. “Nakuambia kama askari. Mpe chakula chake.”

“Wewe ulimwona?”

“Sikumwona.”

“Basi bado,” Mama Hatano alisema, akalifunga tena bakuli kwenye nguo.

Baba alimfuata Fusae hadi ukumbini, alipokwenda kuchukua viatu vya mgeni. “Msindikize stesheni. Treni ya jioni ipo. Pita njia ya mtoni, usipite mtaa wa hamamu.”

“Baba.”

“Nini?”

“Kaka na mtoto wa yule mama walikuwa chumba kimoja. Aliniambia.”

“Shusha sauti.”

“Alilala kwenye treni, baba. Amebeba bakuli. Kaka yuko hapo tu, mtu akiita kwa nguvu anasikia...”

“Fusae!” Baba alimshika mkono. “Unajua nilisema nini siku ile? Sakuichi alikuwa mstari wa mbele. Alikwenda nyumbani akamfungulia Riichi mlango aende. Kesho nitasimama mbele yake. Unataka nimwambie, wako amebaki huko, wangu nimerudishiwa?”

Kwa nusu pumzi Fusae alimhurumia. Hakuwahi kufikiri kwamba baba, aliyetembea mjini kidevu juu kama amebeba mabaharia na wapiga upinde wote wa ukoo begani, alikuwa anamwogopa muuza tofu. Halafu akamsikia Mama Hatano sebuleni akikohoa taratibu ili asisumbue watu, na huruma ikazimika.

“Kwa hiyo mzigo wako aubebe yeye?” aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumjibu baba. Baba alimwachia mkono. Hakumpiga. Alinyoosha kidole mlangoni, kama alivyonyoosha siku ile getini.

Walitoka yeye na mgeni. Fusae alibeba mzigo wa mgeni na akahisi bakuli likigusa mbavu zake kila hatua. Njiapanda, upande wa kushoto ulikwenda mtoni na stesheni. Upande wa kulia bomba la moshi la hamamu lilikuwa limeanza kutoa moshi, kwa sababu maji ya jioni huanza kuchemshwa mchana.

Alisimama.

“Umechoka, binti?” Mama Hatano aliuliza. “Lete nibebe mwenyewe, mimi nimezoea.”

“Mama,” Fusae alisema. “Tumekudanganya.”

“Mmenidanganya nini?”

“Njoo,” alisema, akapinda kulia.

Iwao alikuwa ameinama mbele ya mdomo wa boila, kifua wazi, taulo shingoni kufunika kovu. Mkewe Masue alikuwa anapanga kuni huku mtoto wao amelala mgongoni.

“Dada! Mbona mapema?” Iwao alisema. “Sherehe yangu si kesho? Umekuja kunipima sanda?”

“Kaka, huyu ni mama yake Shinpei.”

Gogo lilimtoka Iwao mkononi. Mama Hatano alimtazama, akaikumbuka ile kofia ya baharia kwenye picha, akayatambua macho yaliyokuwa chini yake. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye maganda ya kuni, polepole.

“Nimekuwashia ubani sasa hivi,” alisema.

Iwao alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye udongo. “Nisamehe, mama. Nisamehe.”

“Acha hayo. Inua kichwa. Ulimwona?”

“Nilimwona.”

“Basi sema. Usinichujie kitu.”

Alisema akiwa ameutazama moto. Walikuwa wachochea moto wawili wa zamu moja, chini kabisa ya manowari. Kombora lilipiga upande wa mbele, taa zikazimika, mabomba yakapasuka na mvuke ukajaa. Walipapasa mpaka kwenye ngazi. Shinpei alikuwa na mwili mkubwa, Iwao mdogo. Shinpei akaweka bega chini ya makalio ya Iwao akamsukuma juu kama anayepakia gunia. Iwao alipotoa kifua nje, mkubwa wao mmoja alikuwa anapiga kelele, fungeni, fungeni maji yasipande. Walimvuta Iwao kwa kola, wakaufunga mlango wa chuma, wakakaza.

“Na wangu?”

“Alikuwa ngazini, mama. Chini yangu. Nilishika mguu wa yule mkubwa, nikamwambia kuna mtu, kuna watu. Alinipiga teke.” Iwao alilivuta taulo shingoni. “Wa chini waligonga kwa spana. Niliwasikia. Halafu manowari ikalala ubavu tukatupwa baharini. Hata hivyo ilizama. Mlango ule haukuokoa kitu.”

Fusae aliziba mdomo. Hili hakuwahi kulisikia. Wakati wote huo, akawaza, wakati wote huo tunamwita shujaa aliyekufa kwa hiari, na nyumbani tunafuta vumbi kwenye kioo cha picha.

“Tuliookotwa hatukuwa wengi,” Iwao aliendelea. “Walituweka kwenye ghala kisiwani, walinzi mlangoni, tusiandike barua, watu wasije wakajua manowari imezama vipi. Huku nje wakawagawia nyinyi vijiwe. Niliporudi, nikakuta nimeshazikwa. Nikasema sawa, aliyekufa hasumbuliwi. Nilikuwa na aibu, mama. Mwenzangu alinipa bega na mimi nikakaa hapa natania watu wanaooga.”

Moto ulipasuka pasuka. Mtoto mgongoni mwa Masue aliguna akarudi kulala. Mama Hatano alikuwa anapangusa ukingo uliomegeka wa bakuli kwa kidole gumba, mbele na nyuma.

“Alikuwa amekula?” aliuliza.

“Nini, mama?”

“Siku ile. Alikuwa amekula?”

Iwao alimtazama, na uso wake ukavunjika katikati ya kicheko na kilio. “Alikula. Tulipewa matonge ya wali alfajiri. Tulicheza karata, akanila la kwangu. Alikula la kwake na la kwangu, akalamba vidole, akaniambia, kesho jaribu tena, mjinga wewe.”

“Ndiye,” Mama Hatano alisema. “Ndiye huyo. Wangu.” Na hapo ndipo alipolia.

Walipomwacha alie, Masue alisukuma gogo la mwisho kwenye moto akamgeukia mumewe. “Kesho utakwenda pale kwenye jiwe,” alisema. “Mimi nimechoka kulala na marehemu.”

Asubuhi hekalu lilikuwa limejaa. Wanaume walivaa makoti meusi, wazee wamebandika nishani. Baba alisimama kando ya jiwe, mgongo umenyooka, na hakuangalia nyuma ya watu. Kwa hiyo hakumwona Iwao, aliyekuja na nguo zake za masizi, wala mwanamke mfupi wa kaskazini aliyesimama ubavuni mwake.

Fusae aliwaona. Alikuwa mstari wa mbele, tawi mkononi.

Baba alianza na wazee wa vita vya zamani. Alipofika kwa babu aliitikia mwenyewe na kuweka tawi mwenyewe, na vilevile kwa ami. Kisha akapandisha sauti, kama alivyoipandisha siku ya kijiwe.

“Orita Iwao. Baharia wa manowari Tomonami.”

Fusae alitakiwa kusema, “Ndiyo.” Hilo tu. Alisogea mbele, akafika kwenye jiwe, akaona jina. Lilikuwa limechongwa vizuri mno. Mtu alikuwa amelikalia kwa patasi siku nzima, akalipwa kwa kazi ya uongo, na wao wakalifukia, wakalifukua, wakalisugua kwa maji ya chumvi, jina la mtu anayewachemshia maji ya kuoga kila siku ya Mungu. Na mwanamke alisafiri na bakuli akaambiwa hakuna aliyerudi.

“Hapana,” alisema.

Watu wa mbele tu ndio waliosikia. Baba alisema huku ameuma meno, “Weka.”

Fusae aligeuka. Macho yote yalikuwa kwake, jambo aliloliogopa kuliko yote duniani, na akashangaa kuona kwamba bado amesimama. “Kaka yangu hakufa,” alisema, safari hii kwa sauti. “Yule pale. Mnamjua wote. Mnamwita Marehemu mkiwa uchi, mkivaa nguo mnamwekea matawi. Mimi simwekei.”

Akapita katikati ya watu, ambao walimpisha kama anayebeba maji ya moto, akampa Mama Hatano tawi kwa mikono miwili. “Wako hana jiwe la kweli,” alimwambia. “Mwekee hapa.”

Mama Hatano alitembea mpaka mbele, akapiga magoti, akaweka tawi. “Hatano Shinpei,” alisema, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumsomea, na akaitikia mwenyewe, “Ndiyo.”

Baba alikuwa anamtazama Mzee Sakuichi. Mji mzima ulikuwa unamtazama Mzee Sakuichi.

Muuza tofu alikohoa. “Soma, Bwana Luteni,” alisema. “Wako tunamjua alipo. Soma wangu. Yeye ndiye hayupo.”

Baba alisoma. Riichi na wenzake, mmoja mmoja, kwa sauti ambayo haikupanda tena. Mzee Sakuichi alipopita na tawi lake alisimama mbele ya baba kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akamtazama usoni, halafu akaenda zake. Hakumsamehe. Fusae aliliona hilo wazi na hakumwonea baba huruma, si siku ile.

Mama alikuwa jikoni. Hakuwa amekwenda kwenye sherehe, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yameshasemwa kuwa mabovu. Waliingia Mama Hatano, Fusae, na nyuma yao Iwao aliyesita kizingitini.

“Mama mwenzangu,” Mama Hatano alisema akifungua mzigo. “Nisaidie wali.”

Mama alipakua kwenye bakuli jeusi, akajaza, akajaza tena mpaka ukawa mlima, kwa ajili ya kijana anayekula la kwake na la mwenzake. Mama Hatano alisimamisha vijiti wima kwa mkono wake mwenyewe. Akalibeba mpaka sebuleni. Picha ya Iwao mama alikuwa ameshaiteremsha, ameilaza kifudifudi mkekani, na ukutani palikuwa na mraba mweupe ilipokuwa ikikaa. Chini ya mraba huo ndipo alipoliweka.

“Kula, mwanangu,” alisema. “Sasa nenda.”

Fusae alirudi jikoni. Bakuli la shaba lilikuwa limeoshwa na kuinamishwa likauke. Bakuli jekundu lilikuwa mezani, wali unatoa moshi, na mama alikuwa amesimama na kifuniko mkononi, amezoea, karibu kulifunika.

“Mama,” Iwao alisema kutoka kizingitini. “Nina njaa.”

Mama alikitazama kifuniko kama mtu asiyejua ni cha nini. Akakiweka kwenye kabati la jikoni, nyuma kabisa, akafunga mlango wake.